Miche ya Nagasaki: tukutane Jumamosi

Ndugu zangu, habari za jioni.

Jumamosi saa 4 asubuhi tunahamishia miche ya kaki, ule mti wa matunda wa Japani, kwenye vyungu vikubwa. Tafadhali msichelewe, mizizi haipendi kukaa juani.

Jana dada mmoja alinitumia picha kwa hofu, mzizi uliochungulia chini ya chungu ni mweusi tii. Usiogope, dada. Mizizi ya kaki ni myeusi kwa asili. Ukiukwangua kidogo kwa ukucha utaona rangi ya manjano ndani. Uoza utaujua kwa ulaini na harufu.

Kwa wageni wetu: mti mama wa miche hii uliponea bomu la atomiki la Nagasaki, Japani, tarehe 9 Agosti 1945. Mwaka 1994 daktari wa miti, Masayuki Ebinuma, alianza kuutibu, akaotesha miche na kuwapa watoto. Msanii Tatsuo Miyajima akaungana naye, na mwaka 1996 mche wa kwanza wa mradi wao wa sanaa ukapandwa Tokyo. Hapo sanaa si mti peke yake. Ni wote wanaoupanda, wanaoumwagilia, na watoto wanaochora na kuimba siku ya kupanda. Mimi hilo linanigusa sana.

Kwa hiyo waleteni watoto, na rangi za kuchorea vyungu. Udongo na samadi iliyooza vipo.

Majani yakipukutika baridi ikianza, msing'oe mche, umelala tu. Wajapani husema kaki huzaa baada ya miaka 8. Tutasubiri pamoja.

Nani ana toroli?