Usiite Mdahalo: Barua kwa Mwanangu Aliye Chuoni

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Na habari kwamba wenzako wamekupa kazi ya kuwakutanisha wa kijani (CCM), wa kombati (CHADEMA) na wa zambarau (ACT-Wazalendo) mkae mzungumze siasa bila kuvunjiana heshima nimeipata. Kazi inawezekana, ila haifanywi kwa kuwahubiria watu adabu. Inafanywa kwa namna utakavyoupanga mkutano wenyewe.

Kwanza, usiite mdahalo. Tangu sekondari mdahalo tunaujua: upande unaounga mkono, upande unaopinga, mtunza muda na kengele yake, mwisho anatangazwa mshindi. Mtu akiitwa kwenye mdahalo anakuja na wapambe. Ita mazungumzo, na waalike watu kwa majina, mmoja mmoja, watano au sita kila upande. Wakizidi ishirini huo ni mkutano wa hadhara.

Ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyogongomelewa sakafuni haufai. Tafuta chumba cha semina ambacho viti vinahama, na usiweke meza kuu wala kipaza sauti, maana mtu akishika kipaza sauti anaanza kuhutubia. Barua ya kuomba chumba imfikie Mlezi wa Wanafunzi mapema, ikitaja mada na muda, asije akasikia kwa watu kwamba mnaendesha siasa gizani.

Swali ndilo litakalokupa shida. "Je, serikali imeshindwa?" hilo si swali, ni rungu. Chukua jambo linalogusa mfuko wa kila aliyepo. Mkopo wa elimu ya juu, kwa mfano. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016, makato kwenye mshahara wa mnufaika yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Sasa uliza: ni kiwango gani cha makato kinachomtendea haki anayelipa leo na anayesubiri boom, fedha yake ya kujikimu chuoni, kesho? Swali la "kiasi gani" linamwachia mtu nafasi ya kusogea kidogo bila aibu. La "ndiyo au hapana" linamrudisha kwenye chama chake hata kabla hajafikiri.

Kuna zoezi la duara mbili, wanalitumia sana Braver Angels, shirika la Marekani linalowakutanisha wafuasi wa vyama vinavyopingana. Walianza Desemba 2016 Ohio, na wafuasi 10 wa Trump na 11 wa Clinton, na aliyewatungia utaratibu ni Bill Doherty, mshauri wa ndoa (usicheke, ugomvi ni ule ule). Upande mmoja unakaa duara la ndani, wengine wote wanawazunguka kimya. Wa ndani wanajibu maswali mawili tu: kwa nini sera za upande wenu zinaifaa nchi, na nyinyi wenyewe mna wasiwasi gani nazo? Dakika ishirini, kisha wanawapisha upande mwingine, mpaka kila upande uingie. Swali la pili usiliruke hata muda ukibana. Mtu akimsikia mpinzani anakiri kasoro za kwao, naye hulegea.

Baada ya hapo ndipo wajibizane, kwa sharti moja: kabla hujajibu, rudisha hoja ya mwenzako kwa maneno yako mpaka mwenyewe akubali. Itakuwa hivi:

"Asilimia 15 ni nyingi. Anayeanza kazi ana kodi ya chumba, ana wazazi."

"Kwa hiyo unataka mkopo usilipwe."

"Sikusema hivyo. Ulipwe, lakini taratibu."

"Ulipwe, ila makato ya miaka ya mwanzo yawe madogo?"

"Hapo sawa."

Sasa huyo wa pili ana ruhusa ya kupinga. Umeona alivyokosea mara ya kwanza? Angejibu pale pale, mngebishana nusu saa juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Wengine watataka kusimama na "Taarifa, Mwenyekiti!" kama bungeni. Zuia tangu mwanzo, kazi yake hapo ni kukata kauli ya mwenzio. Na simu zote ziingie kwenye kikapu mlangoni. Kipande cha sekunde thelathini kikifika kwenye magrupu ya WhatsApp, mkutano wa pili haupo. Kubalianeni kwamba hoja inaweza kusimuliwa nje, jina la aliyeisema halitoki. Atakayekaa kimya mwache. Huenda ana sababu zake, na kumlazimisha ni kumfukuza.

Wewe nawe chama chako kinajulikana, kwa hiyo usiongoze peke yako. Tafuta mwenzako wa upande mwingine, mpokezane: yeye awakatize watu wako, wewe uwakatize wake. Saa mbili zinatosha. Zikiisha funga, hata kama mjadala umenoga, halafu toeni karanga na chai. Wasioweza kuulizana mbele ya watu wataulizana hapo.

Nijulishe chumba mlichopata viti vyake vinahama au la.

Mama yako.