Mabadiliko ya gari yaulizwe kabla ya ajali

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalotusumbua sisi wenye magari madogo ya mizigo huku Mbeya. Pikapu yangu hubeba viazi kutoka Isyonje hadi Mwanjelwa, na kwa ubovu wa barabara za mashambani niliiongezea springi za nyuma, bampa la chuma na matairi makubwa kuliko yale iliyotoka nayo kiwandani. Mwezi uliopita, nikielekea Mbalizi bila mzigo, nilikuwa nimesimama kwenye foleni pale Iwambi wakati lori liliponigonga kwa nyuma, kisha likatokomea. Kwa kuwa nina bima kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari langu mwenyewe, nilipeleka madai pamoja na ripoti ya polisi. Kampuni ikayakataa, ikidai gari lilibadilishwa bila wao kujulishwa.

Nakubali kwamba mkataba wa bima husimama juu ya ukweli, na kwamba mwenye gari anapaswa kueleza kila jambo linaloongeza hatari. Matairi makubwa huinua gari na kuifanya spidomita isome chini ya mwendo halisi, na springi za ziada humshawishi dereva kupakia kupita uwezo wa breki, jambo ambalo kwenye mteremko kama wa Kitonga linaua. Kampuni ikiyajua hayo ikaongeza ada, sina ugomvi nayo. Lakini gari lililosimama likagongwa kwa nyuma, springi zake zimekosa nini?

Tena, fomu niliyojaza kwa wakala iliuliza aina ya gari, namba ya injini, thamani na matumizi, wala haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu mabadiliko. Kila mwaka nikihuisha bima, hakuna aliyewahi kutoka nje kulitazama gari lililoegeshwa mlangoni pake. Mkaguzi wa kwanza kuinama chini yake alikuja baada ya ajali.

Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) izielekeze kampuni ziweke swali hilo kwenye fomu, kwa Kiswahili, na zisikatae dai pale ambapo badiliko halikuchangia ajali. Wenzangu nao wasimweleze wakala kwa mdomo tu: waandike barua, wataje kila kifaa na thamani yake, na wabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mimi sikufanya hivyo, na shauri langu sasa nalipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mfanyabiashara wa viazi,
Uyole, Mbeya.