Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nta, Unga Mweusi na Joto la Usiku

Ndugu wanachama,

Ada, mahudhurio na ukarabati wa banda mtavisikia kwa mhazini na katibu, na vimekaa vizuri. Mimi nitatumia nafasi yangu kwa lile tulilolipigia kura mkutano uliopita: tufanyeje ili vikaushio vyetu vya jua visipoe mara tu jua linapozama.

Adha yenyewe mnaijua. Dagaa wanakauka mchana, magharibi ikiingia joto linashuka, unyevu wa bahari unarudi kwenye trei, asubuhi unawakuta wamelegea. Masika ndiyo balaa.

Kwa wanachama wapya, wazo ni hili. Kila mwenye chupa ya mafuta ya nazi ameliona: kipupwe kikiingia yanaganda, jua likipanda yanayeyuka, kwa kuwa hubadilika hali kwenye nyuzi 24 hivi. Kitu kinapoyeyuka humeza joto jingi bila chenyewe kupanda joto, na kinapoganda hulirudisha. Hilo ndilo joto fiche. Joto la kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupandisha maji yake kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Mafuta ya nazi yanayeyuka mapema mno kwa kazi yetu, ndiyo maana tulichagua nta ya mshumaa inayoyeyuka kwenye nyuzi hamsini na kitu.

Kilo moja ya nta huweka akiba ya kilojuli (kipimo cha joto) 200 hivi. Tuliweka kilo 20 kwenye mikebe ndani ya kikaushio, yaani kilojuli 4,000. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,400 hivi, kwa hiyo hata joto lisingepotea popote, akiba yetu yote ingeondoa maji yasiyofika kilo mbili. Nalisema wazi kwa sababu baadhi yetu tulitarajia kukausha usiku kucha. Nta haikaushi mzigo mbichi. Inazuia ule uliokwisha kukauka nusu usirudiwe na unyevu, na kwa kazi hiyo nimeiona ikifaa kwa macho yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe. Tulijaza mikebe hadi mdomoni, tukasahau kwamba nta ikiyeyuka hutanuka kwa sehemu moja ya kumi au zaidi. Mikebe miwili ikafumuka kwenye mshono, trei nzima ya dagaa ikaharibika. Mwanachama aliyepoteza mzigo huo amefidiwa, nami namshukuru kwa subira yake.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Nta ni mvivu wa kupitisha joto. Alumini huipita kwa zaidi ya mara 1,000. Ya pembeni mwa mkebe huyeyuka upesi, ya katikati hubaki ngumu hadi jioni. Usiku nako, inayogusa bati huganda kwanza, ikawa blanketi la kuzuia joto la ndani lisitoke.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya chembe nano, chembe zinazopimwa kwa sehemu za bilioni za mita. Mwaka 2007 watafiti Khodadadi na Hosseinizadeh walionyesha, kwa hesabu za kompyuta, kwamba maji yaliyochanganywa na chembe hizo za shaba huganda upesi zaidi. Tangu hapo wengine wamejaribu oksidi ya alumini, oksidi ya shaba na grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli.

Mwalimu mmoja wa chuo alitupa unga kidogo wa grafiti. Nta ikawa nyeusi tii, na siku za mwanzo iliyeyuka mapema kuliko ile isiyo na unga. Tukashangilia. Baada ya wiki kadhaa tukakata mkebe kwa msumeno: weusi umetuama chini, juu nta ya kijivu. Chembe hizi huvutana, hushikana madonge, na donge huzama. Unga wenyewe hauyeyuki, kwa hiyo kila gramu inayoongezwa inachukua nafasi ya nta na kupunguza akiba. Ukizidisha, nta iliyoyeyuka inakuwa nzito na kushindwa kuzunguka ndani ya mkebe, na mzunguko huo ndio unaosambaza joto.

Hatukuwa wa kwanza kusalitiwa na kitu kutuama. Mwaka 1948 huko Dover, Massachusetts, Marekani, mwanasayansi Mária Telkes na msanifu Eleanor Raymond walijenga nyumba ya kupashwa joto kwa jua, akiba ikiwa chumvi ya Glauber, yaani salfeti ya sodiamu iliyoshika maji ndani yake, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi. Mwanzoni ilifanya kazi. Kisha, baada ya kuyeyuka na kuganda mara nyingi, chumvi ikajitenga na maji yake, na mfumo ukashindwa.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka tununue unga zaidi. Mimi kwa mwaka ujao nakataa. Kwanza tuache mikebe minene, tutumie mabomba membamba ya alumini, ili joto lisiwe na safari ndefu ndani ya nta. Mkebe mmoja wa unga ubaki kwenye majaribio, upimwe baada ya kuyeyuka mara 100, kisha 200. Matokeo ya siku ya kwanza hayatutoshi tena. Asiyevaa barakoa asiguse unga huo, kwa maana ni mwepesi na hupenya mapafuni. Na nta yenye unga isikae kamwe juu ya trei za chakula.

Ombi la fedha za mabomba ni ajenda ya 6. Mkebe uliokatwa uko mezani kwa katibu. Tafadhali uangalieni kabla ya kupiga kura.