Mama hataki kulala bila jiko la mkaa, nifanyeje?

Mhariri na wasomaji wenzangu, hamjambo. Naandika kutoka Bugarika, Mwanza, kule juu kwenye mawe. Naishi na wanangu wawili na mama yangu mzazi, ana miaka 79. Ninaloombea ushauri ni baridi.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam nikiwaambia Mwanza kuna baridi wananicheka. Lakini ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti usiku mbingu huwa haina wingu, bati linapoa sana. Mimi najifunika blanketi nalala. Mzee mwenye magoti mabovu halali, anageuka tu mpaka adhana ya alfajiri.

Mama alikulia Magu, kwenye mji uliokuwa na shikome, moto wa jioni. Kwake joto ni moto unaouona. Kwa hiyo kila msimu huu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, na ile nafasi kati ya ukuta na bati anaiziba kwa vitenge vya zamani.

Mwezi uliopita niliamka saa kumi na moja nikamsikia anatapika. Nilipofungua mlango alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kichwa kwa mikono miwili, ananiita kwa jina la dada yangu. Jiko lilikuwa pale miguuni, mkaa umeshafunikwa na jivu jeupe, hauna moshi hata kidogo. Nilidhani malaria. Muuguzi aliyempokea aliniuliza swali moja tu: "Mmelala na jiko ndani?" Akanieleza kuwa mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, nayo hukamata nafasi ya oksijeni kwenye damu. Moshi kutoonekana ndiko kulikotudanganya miaka yote. Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini wiki haikuisha akaomba jiko lake.

Nina akiba ya shilingi 650,000, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Muuza duka mmoja mjini alinishauri ninunue hita ya chumba, ya wati 1,500. Nilikaa nikapiga hesabu. Ikiwaka saa tano kwa usiku ni uniti 7.5. Kwenye mita yetu ya LUKU, elfu kumi inanipa uniti 28, yaani haimalizi usiku wa nne. Kwa miezi mitatu ni kama shilingi 240,000, mbali na bei ya hita yenyewe. Na joto lote hilo litapanda juu litoke, kwa sababu chumba cha mama hakina dari. Ukilala unaona misumari ya bati.

Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye dari kwanza. Chumba ni futi 10 kwa 12, mbao nne za jipsamu zinatosha, na ile nafasi juu ya ukuta izibwe vizuri badala ya vitenge. Fundi seremala anasema pesa itabaki. Dada yangu anapinga, anasema dari haitoi joto, nitakuwa nimepamba chumba huku mama bado anatetemeka. Nakubali dari haitoi joto. Ila nadhani inalitunza, na kuongeza moto chini ya bati tupu ni kuchota maji kwa ungo.

Fundi umeme naye anataka nimwekee mama shawa ya umeme aoge maji ya moto kabla ya kulala. Wazo zuri, kwa kuwa usiku anaooga maji ya moto analala vizuri zaidi. Lakini shawa yenyewe ni ya wati 5,500, inavuta kama ampea 24, na nyaya zetu ni za milimita za mraba 2.5 tu, zile za soketi. Kubwa zaidi, fimbo ya ethi ya nyumba hii, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, iligonga mwamba ikiwa haijazama hata futi mbili, ikakatwa pale pale. Nimekataa kumwingiza mama bafuni chini ya umeme ambao ethi yake sina uhakika nayo. Jirani aliweka hita ya tanki. Maji ya bomba yalipokatika, yakarudi nyuma kwa sababu hakukuwekwa valvu ya kuzuia, elementi ikawaka kwenye tanki tupu na kuungua. Huku kwetu mgao wa maji ni jambo la kila wiki. Ya sola ningeipenda, maana nyuma ya nyumba kuna jiwe lililo juu kuliko paa, simtank ikikaa pale maji yanashuka yenyewe. Ila bei inazidi akiba yangu mara tatu.

Kwa sasa nachemsha maji jikoni, najaza chupa mbili za mpira, nazifunga kwa kanga, namwekea moja miguuni na nyingine mgongoni. Zinashika joto mpaka kama saa nane za usiku. Baada ya hapo ananiita.

Naomba mnisaidie. Waliopiga dari kwenye chumba cha mzee, mliona tofauti usiku? Mafundi mnaofanya kazi Igogo, Mabatini na vilima vingine vya mawe, ethi mnaiwekaje mwamba ukiwa karibu hivi? Na wenye wazazi wa umri huu, mlisema nao vipi? Jana nilimwambia tena habari ya ile hewa. Akanijibu, "Mwanangu, nimeota moto tangu sijajua kutembea, leo ndiyo utaniua?" Sikuwa na neno. Nililitoa jiko nje, nikakaa naye kibarazani tukiota mpaka makaa yakazima, ndipo nikamwingiza ndani.

Msomaji wenu,
Bugarika, Mwanza