Diski mbili zisiwe pacha

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wa Jumamosi iliyopita uliwashauri wanaotaka kufunga RAID nyumbani, yaani diski kadhaa zinazounganishwa zifanye kazi kama moja, wanunue diski mbili zinazofanana kwa kila kitu. Ukubwa ufanane, sawa. Hayo mengine siafiki.

Mimi napiga video za harusi hapa Ngamiani, Tanga. Wateja wangu harusi huikumbuka pale mmoja wa wazee waliocheza siku ile anapofariki. Hapo simu inalia: "Kaka, ile kanda yetu bado unayo?" Lazima niwe nayo. Kwa hiyo natumia RAID 1, diski mbili za terabaiti (TB) 4 zinazoandika kitu kilekile, na nafasi ninayopata ni TB 4, si 8.

Diski zilizotoka kiwandani pamoja na kufungwa siku moja huweza kuchoka pamoja. Ya kwanza ikifa, ya pili inatwishwa kazi nzito kuliko zote: kusomwa yote, mwanzo hadi mwisho, ili diski mpya ijazwe. Ya pili inaweza kupotea saa hiyohiyo. Zangu moja ni Seagate IronWolf, nyingine Toshiba N300. Zikipishana ukubwa kidogo, RAID huhesabu ile ndogo, basi.

Kilichonisukuma kuandika hasa ni jambo ambalo ukurasa wenu haukuligusa. Nilimuuliza muuzaji mmoja wa hapa mjini kama diski yake ni SMR au CMR, yaani kama mistari ya data ndani yake imelaliana au imeachana. Akanijibu, "Zote TB 4 bosi, wewe unataka rangi gani?" Nilicheka, ingawa kwa Western Digital rangi ina maana kweli: Blue ya kompyuta ya mezani, Purple ya kamera za ulinzi, Red ya NAS, yaani kisanduku cha diski kinachotumiwa kupitia mtandao wa nyumbani au ofisini. Lakini hata rangi imewahi kudanganya. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikiri kwamba baadhi ya WD Red, za TB 2 hadi 6, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Baadaye ikaziweka za CMR chini ya jina la Red Plus.

Katika SMR mistari ya data hulaliana kama makuti ya paa. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja, unalazimika kuandika upya na ile iliyoulalia. Kwa kutunza picha usizozigusa, haina neno. Kwenye RAID, siku ya kujaza diski mpya, uandishi unazorota mno, na mtambo unaweza kuitoa diski ukidhani imekufa, kumbe nzima.

Diski za kawaida za mezani nazo zina lao. Zikikwama kwenye sehemu mbovu hung'ang'ana kuisoma kwa muda mrefu. Za NAS hukata tamaa baada ya sekunde kama 7 na kuiachia RAID itafute data kwenye diski ya pili. Ndiyo sababu ya kulipa zaidi.

Na RAID si nakala ya akiba. Ukifuta faili, linafutika kote kuwili. Mwizi naye hachukui diski moja akakuachia nyingine. Diski yangu ya tatu inakaa kwa dada yangu Muheza, haijaunganishwa na chochote.

Ombi langu: matangazo ya diski mnayochapisha yawe na namba kamili ya modeli, na wenye maduka waibandike pembeni ya bei. Msomaji akiwa na namba hiyo ataikagua kwenye orodha ya mtengenezaji kabla hajapanda basi kwenda Kariakoo.

Mpiga video,
Ngamiani, Tanga