Barua kwa mwanangu: damu haianikwi kama dagaa

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama'ko anakusalimu, na paka wako kazaa tena, mara hii ndani ya pakacha langu la samaki.

Dada'ko kanieleza yaliyokukuta: ulitoa damu chuoni, ukainuka mbio, kizunguzungu kikakuangusha mbele ya wenzako, na tangu siku hiyo unaapa hurudi tena. Sikuandiki kukugombeza. Mimi pia niliapa hivyo hivyo, na kiapo changu kina miaka 26.

Nilitoa mara moja tu, shangazi yako alipolazwa kwa uzazi. Tuliambiwa ndugu tuje, nikaenda. Alipopona nikaona deni limekwisha. Na ukweli mwengine ni woga. Bibi yangu alitulea kwa hadithi za mumiani, gari inayopita usiku kunyonya watu damu. Mtu aliyekulia hadithi hiyo, ile sindano haimpendezi hata awe na ndevu.

Juzi kaja sokoni kijana wa damu salama, hao wanaokusanya damu ya wagonjwa. Nikamuuliza swali la muuza samaki: mnaihifadhi vipi? Kaniambia chembe nyekundu, hata zikiwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6, hukaa siku 35, au 42 kwa kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko wa damu. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, ni siku 5 basi. Plazma, yale maji ya damu, peke yake ndiyo inayogandishwa ikakaa mwaka. Nilinyamaza. Miaka 30 nauza changu na tasi, mali isiyokaa naijua. Dagaa wakizidi tunawaanika, damu haianikwi. Ule mfuko wako wa mililita 450 wa Mfunguo Mosi, mwezi ule baada ya Ramadhani, saa hizi chembe zake ama zimo mwilini mwa mtu ama zimeshapitwa na siku zake. Tarehe 14 Juni, siku ya wachangia damu duniani, watu hujipanga, wanapiga picha, na nawapongeza. Lakini friji ya mwezi wa nane inajazwa na nani? Na Ramadhani, watu wamefunga, watoaji wanapungua. Wajawazito na watoto wenye siko seli hawapungui.

Kuna jambo jengine sikulijua. Kila mfuko unapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwa hiyo mtu aliyekwishapimwa akaonekana salama, kisha akarudi mwenyewe bila ya kuitwa na mgonjwa wake, ndiye wanayemtegemea zaidi kuliko mgeni. Wewe ushavuka hapo. Ni hasara kuishia mlangoni.

Sasa hicho kizunguzungu. Huwapata zaidi vijana na wanaotoa mara ya kwanza, na mama'ko ana hakika ulikwenda na njaa. Mara hii kula kwanza, kunywa maji vikombe viwili, na uwaambie mapema kwamba ulianguka, wakulaze vizuri. Ukimaliza tulia robo saa. Usinyanyuke kama uliyesikia boti inapiga honi.

Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma zaidi ya hapo. Ndiyo maana wanaume husubiri miezi 3 na nyinyi wanawake 4. Kula mchicha, maharagwe, dagaa. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Najua hili kwako ni zito kuliko sindano. Nimekutumia kikapu cha machungwa kwa boti, kakichukue bandarini Malindi, hapo Unguja, mwenyewe. Chungwa linasaidia pale chai inapoharibu.

Hesabu yako inaangukia Mfunguo Tano. Ongeza siku chache, miezi yetu ya mwandamo mifupi, wasije wakakurudisha. Kabla ya Maulidi utakuwa umemaliza.

Mimi natangulia Alkhamisi. Nina miaka 54 na uzito unatosha na ziada, mama'ko shahidi. Nikianguka, watu wa sokoni wasijue.

Baba'ko