Barua kwa wasusi wenzangu mlioumwa: ukili mbovu usiufumue

Assalaam alaykum wanangu na wadogo zangu wasusi wa mikeka wa Wete, Konde, Micheweni na kokote mlipo hapa Pemba, na nyie wa Unguja mnaoshona kofia na kupaka hina msijione hamumo, mumo.

Barua hii nimekaa nayo moyoni tangu Ramadhani. Naandika kwa simu, kwa kidole cha mkono wa kushoto mana wa kulia unachoka upesi, kwaio mkiona maneno yameshikana nivumilieni, jambo lenyewe ni kubwa kwangu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kuwatazama wenzetu watatu. Wa kwanza kafanyiwa operesheni ya tumbo, nimemkuta kalala kaelekea ukutani na juu ya kabati kuna furushi la ukindu, majani ya kusukia, limefungwa kwa kanga kuukuu, nikamuuliza mwanangu mbona hata hulifungui, kanijibu, bi mkubwa, nikishapona. Wa pili kiharusi, yeye ukindu wake wote kagawa, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, kampa jirani, kasema mie na mikeka basi tena. Wa tatu ndo kinyume chao, kajifungua kwa operesheni, ana wiki tatu tu, na keshapokea oda ya majamvi mawili ya kuanikia karafuu, kutwa yuko chini kainama, mshono umevimba na anauficha asionekane na mama yake. Nimerudi nyumbani sikula. Nikajiambia hawa watatu wanaonekana mbali mbali lakini kosa lao moja, wote wanaamini ususi ni lazima uwe kamili kama zamani au usiwepo kabisa. Na mie nilikuwa hivyo hivyo, ndo mana nasema.

Mie kiharusi kilinikuta katikati ya msimu wa karafuu, nina oda juu ya oda. Niliamka alfajiri nitie udhu, kopo likaniponyoka, nikaliokota likaniponyoka tena, nikitaka kumwita mwanangu ulimi hauendi. Nyumbani wakasema upepo huu, nikapelekwa kwa fundi, yaani mganga, siku mbili nzima nimekaa nafukizwa. Sikatazi dua, dua ni haki yetu na mie nasomewa mpaka leo, lakini sikilizeni, kiharusi ni mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka, na kila saa inayopita sehemu ya ubongo inakufa kwa kukosa damu, na ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutiwa ndani ya masaa manne na nusu hivi tangu dalili kuanza, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa ijulikane kama ni kuziba au kupasuka. Mie nimefika siku ya tatu. Mkimuona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, tafuteni gari wakati huo huo, kama ni usiku wa manane ni usiku wa manane, atasomewa huko huko njiani.

Na dawa za presha nilikuwa nnazo. Nilikuwa nimeacha kuzimeza mwenyewe mana nilijiona mzima. Presha haiumi wanangu, unaweza kuwa na 180 juu na unacheka barazani, kwaio usipime kwa kujisikia, pima kwa mashine, na ikiwa kila ukipimwa inafika 140 kwa 90 au inapita basi hio ni presha hata kama unajiona una nguvu za kupanda mkarafuu.

Sasa nirudi kwenye ukili, ule utepe wa ukindu tunaousuka kisha tukaushona ubavu kwa ubavu uwe mkeka.

Miezi mitatu sikugusa kitu. Mtu wa mazoezi ya viungo alinipa mpira wa kubinya na akanambia nihamishe kunde punje punje kutoka sahani hii kwenda ile, nikafanya siku nne nikachoka, si mwili, moyo ndo uliochoka, mana mtu mzima nimesuka miaka arubaini na nane nakaa kuhamisha kunde hazendi popote. Siku moja mjukuu wangu, alikuwa hajaanza hata skuli, kaja na chane tatu, vile vipande vyembamba vya ukindu uliochanwa, kazifunga kwenye nguzo ya kitanda changu, kaanza kusuka kama anavyosukwa nywele, akashindwa akaziacha zinaning'inia. Zikakaa pale usoni kwangu mpaka jioni. Baada ya Magharibi nikazishika.

Nataka mjue ilikuwaje. Dole gumba la kulia linagusa chane lakini halijui kama limegusa, nalazimika kutazama kwa macho ndo nijue nimeshika. Nikikunja chane ya kulia kuileta kati, ile ya kushoto inaachia. Nikaitia mate kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, ikalainika kidogo, nikaikunja tena. Nadhani nilitumia muda wa kupika chai nzima kupata mikunjo sita, na mikunjo minne katika hio imelegea unaweza kupitisha kidole. Nikalala. Usiku ule ndo mara ya kwanza tangu kuumwa nimelala nikiwaza kitu cha kesho.

Kesho yake nikataka kuifumua. Hapa ndipo nnapotaka mnisikilize vizuri. Sisi sote tumelelewa na mabibi wasiosamehe, bibi yangu akiona chane moja imeruka anakufumulia pima nzima mbele ya watu, huku umesuka tangu asubuhi, na alikuwa na haki, mkeka wa mtu haushonwi kwa ukili uliopinda, ukishaunga ubavu kwa ubavu ule upindo unatembea mpaka mkeka wote unavimba katikati. Lakini ile ni sheria ya ukili wa kuuza. Ukili wa mgonjwa si wa kuuza, na ukimfumulia mgonjwa kazi yake umemwambia siku yake ya jana haikuwepo.

Sikuufumua. Nikaendelea pale pale nilipoachia, na kila siku nikaendelea hapo hapo, chane tatu mpaka nikaweza tano, kisha saba. Ninao mpaka leo nimeukunja kama unavyokunjwa wa kupeleka kushona. Ukiukunjua unauona mwenyewe, mwanzo umepinda kushoto, mkono wa kulia haukuwa na nguvu ya kuvuta, mbele kidogo kuna mahala umelegea kabisa, hapo nilipata homa, halafu unaanza kunyooka, halafu unaharibika tena, hapo alifariki dada yangu. Siku nilipoupeleka kliniki yule mtu wa mazoezi aliukunjua mezani akautazama kimya muda mrefu, akaniambia endelea na huu, kunde tuziache. Akanieleza kwamba ubongo hujifunza upya kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi, na jambo ambalo mtu analijua na analipenda hulirudia bila kulazimishwa. Akasema pia miezi ya mwanzo ndo mwili hurudi kwa kasi zaidi lakini hata baadae haufungi mlango, na mie nimeyaona hayo, kidole cha shahada kimeanza kuhisi baridi ya maji mwaka wa pili.

Kwaio neno langu kwenu ni moja, ukiwa unauguza mwili tenga ususi na oda. Oda acha. Ususi usiache hata siku moja, hata kama ni mikunjo mitatu. Oda ina tarehe, ina mtu anaepiga simu, ina pesa ya kianzio ulokwisha kuila, na mwili unaopona hauna tarehe.

Najua mtasema bi mkubwa, na dawa ntanunua kwa nini. Ni kweli na sitaki kulipita hili juu juu. Hapa nasema na viongozi wa vikundi. Mtu wa kikundi akiumwa oda zake wagawane wenzake, na yeye apewe kazi ya mkono mdogo alipwe sehemu yake, kuna kuchagua chane zilo sawa, kuna kukata ncha zinazotokeza mkeka ukishashonwa, kuna kumkalisha msichana mmoja akamfundisha kwa mdomo. Kikundi kinachochangia harusi kikashindwa kuchangia strip mbili za dawa za presha kwa mwezi, hicho kwangu mie bado hakijawa kikundi.

Mambo ya mwili sasa, nayataja kwa haraka, kila mtu achukue lake na amuulize dakitari wake.

Kukaa chini miguu umenyoosha kutwa nzima ndo mkao wetu lakini si mkao wa mgonjwa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, ukili ufunge kwenye dirisha au nguzo ili usitumie dole la mguu kushikilia. Mkono ulolegea uwekee mto chini yake, usiuache unaning'inia, bega linatoka mahala pake na maumivu yake hayasemeki, na watu wa nyumbani msimnyanyue mtu kwa kumvuta mkono huo. Dakika kumi basi, pumzika, tena dakika kumi ukiweza. Mie wakati wangu ni baada ya Alfajiri, jioni mkono haunitii.

Mkono usiohisi usiusogeze kwenye sufuria la rangi. Mie nilijiunguza kwa mvuke wakati nachemsha ukindu wa zambarau, nimejua nilipoona malengelenge, maumivu sikuyasikia hata kidogo. Rangi mpe mtu mwengine akupikie. Nyie wenye sukari, mkindu una miiba kwenye kikonyo, msiende kukata wenyewe na wala msitembee peku penye taka za ukindu, kidonda kidogo cha mguu wa mwenye sukari kinaweza kukaa miezi na kikaishia kubaya, kila usiku tazameni nyayo. Waliofanyiwa operesheni ya tumbo au uzazi, kuinama na kubeba majamvi mabichi hapana, kama wiki sita hivi au alivyosema aliekupasua, lakini chane tatu umeegemea mto hakuna aliekukatazeni. Na waliotolewa mtoto wa jicho, moshi wa kuni na vumbi la ukindu mkavu mkae navyo mbali mpaka dawa za matone zimalizike, kofia za mkono zitawasubiri, tundu lile dogo la sindano halitaki jicho lenye haraka.

Watu hupenda kunitajia Bi Kidude, Mungu amrehemu, kwamba aliimba mpaka uzeeni kabisa, mwaka 2005 kapewa tunzo kubwa na wazungu akiwa bibi kizee, na wewe bi mkubwa umeshindwa nini. Nampenda Bi Kidude, lakini mgonjwa usimpimie mtu mwengine. Mpimie ukili wake mwenyewe wa wiki iliyopita.

Na kulia. Nililia sana, nalia bila sababu, mtu kaleta uji nalia. Baadae nimeambiwa kwamba kiharusi chenyewe kinaweza kumfanya mtu hivyo na kwamba unyonge wa moyo baada ya maradhi makubwa nao ni maradhi, una watu wake wa kuutibu. Msione haya kuusema kliniki. Mwenzetu alieelekea ukutani nimemwambia hilo na mumewe yupo anasikia.

Nyie watoto na wakwe mnaotupenda, tukishika chane mkatupokonya mkasema pumzika mama utachoka, mnatuua taratibu. Tuacheni tuchoke. Mkitaka kusaidia rowekeni ukindu usiku, chaneni, uwekeni penye mkono unaofika, kisha kaeni pembeni mzungumze nasi mambo mengine.

Yule wa operesheni ya tumbo nimefungua lile furushi mbele yake. Ukindu umekauka umekuwa wa manjano, lakini mzuri. Nimemfungia chane tatu kwenye nguzo ya kitanda. Sikumsukia hata mkunjo mmoja, nimeondoka. Jana mtoto wake kaniletea picha kwenye simu, kuna mikunjo mitano, wa pili umeruka. Nimemjibu mwambie asiufumue.

Yule aliegawa shazia yake nitampelekea yangu ya zamani, ile yenye kutu kichwani, akikataa nitamuachia mlangoni.

Kwangu kila Alkhamis baada ya Laasiri baraza iko wazi, viti vitano vyenye mgongo nimeviazima msikitini, wenye mkono mmoja njooni, wenye mshono njooni, wenye jicho lililofungwa njooni msikilize tu. Leteni chane nyeupe, rangi tutatia siku nyengine. Na mashine ya presha ipo, mjukuu wa jirani anaijua kuitumia, tunapima kwanza halafu ndo tunaanza kusuka.

Bi mkubwa wenu, Wete